Sauti ya Irine Katika Kaseti Zisizo na Majina

Makomredi! Wapiganaji wenzangu wa Kaloleni na Sombetini, wa Tengeru na kule juu migombani ambako mawimbi ya redio hii hufika yakiwa yamekwisha kuchoka, mimi Skolastika nawasalimu kwa jina la mapambano tunayoshiriki sote: mapambano dhidi ya usahaulifu. Adui huyu haji na bunduki. Huja na kasha jipya la plastiki, huja na mashine iliyotumika Ulaya hadi ikazeeka, ikashushwa kwetu tangu soko lilipofunguliwa, na pamoja nayo hakushushwa mtu hata mmoja wa kutueleza namna inavyokufa.

Leo ni Alhamisi, saa tisa na dakika tano alasiri. Naitaja saa kwa sababu ina kazi katika jambo hili. Ndugu aliyeniandikia ameomba barua yake isomwe leo, wakati huu huu, kwa kuwa mama yake yuko usharikani, kwenye kikao cha umoja wa wanawake, hadi saa kumi na nusu; na mama huyo hana macho, lakini redio anayo. Nimelikubali ombi hilo. Majina yote ya nyumba yake nimeyabadilisha, na yeye mwenyewe tutamwita Gidion. Kingine sikukigusa. Msikilizeni.

*

Dada Skolastika, mshauri wetu,

Nimeianza barua hii mara nne na mara zote nimeichana, kwa hiyo ukiona mwandiko unakimbia ujue nataka kuumaliza ujumbe kabla ujasiri haujaniishia. Mimi ni mtu wa miaka ishirini na minane, nafanya kazi ya kuchapa barua na kutoa fotokopi katika duka moja hapa Kaloleni, nimepanga chumba hapa hapa, lakini nyumbani ni juu ya Tengeru, kwa mama yangu Lydia, ambako hupanda kila Alhamisi, siku yangu ya mapumziko, na kila Jumapili.

Marehemu baba yangu, Sifaeli, alikuwa mtumishi wa idara ya mifugo, na kitu alichokipenda baada ya ng'ombe kilikuwa kurekodi sauti za watu. Aliibeba redio yake kubwa ya kaseti kila walipokusanyika ndugu na majirani, harusi, ubatizo, kipaimara, mazishi, hata siku ya posa aliomba ruhusa ya pande zote mbili, akaiweka redio juu ya stuli na kubonyeza, na alipofariki aliacha kabatini kaseti mia mbili sitini na nane. Miaka michache kabla ya hapo macho ya mama yalikuwa yameanza kuzimika kwa presha ya macho, na siku aliposhindwa kusoma maandishi ya kwenye makasha baba alichana nyuzi za mgomba mkavu, akakizungushia kila kasha uzi wake, na kwenye uzi akapiga mafundo: fundo moja harusi, mawili mazishi, matatu ubatizo au kipaimara, yakikaa upande wa kushoto ni ya kwetu, yakikaa upande wa kulia ni ya majirani, na alama nyingine nyingi ambazo mimi sikuwahi kujifunza kwa sababu mimi nilikuwa na macho. Mama aliweza kuingiza mkono kabatini na kukutolea harusi ya mtu kabla hujamaliza kumtaja.

Katika kaseti hizo imo moja ambayo uzi wake haukuwa na fundo, ulisukwa, na aliyeusuka ni mama mwenyewe. Ni ya dada yangu Irine. Irine alijifungua mwaka 1990, moyo ukamlemea, akalala hospitali wiki saba, na alipoona haponi alimwomba baba ampelekee redio, akazungumza na mtoto wake mchanga, akaagiza kwamba mtoto ayasikie maneno hayo siku ya kipaimara chake na asiyasikie kabla, wala mtu mwingine asiyasikie. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, niliachwa nyumbani kuangalia ng'ombe. Tangu siku hiyo kaseti ile haijachezwa. Mtoto huyo ni Princess, analelewa na mama, na kipaimara chake ni Jumapili ya tatu kutoka leo ninapoandika.

Sasa sikia nilichofanya. Mwaka jana nilinunua kompyuta iliyotumika, nikaiweka sebuleni kwa mama, akaifunika kwa kitambaa chake cha kufuma kama anavyofunika kila kitu anachokiheshimu, na rafiki akanipa sidii yenye programu ya kuorodhesha maktaba ya nyumbani: unaandika namba ya kaseti, tukio, tarehe na waliomo, kisha siku yoyote ukiandika jina la mtu inakuonyesha kila kaseti aliyomo, na baadaye ukipenda unaingiza na sauti zenyewe. Nikaona huu ndio ukombozi wa nyumba yetu. Alhamisi nane mfululizo, kutwa nzima hadi mama aende kikaoni, tulikaa pamoja, yeye akishika kaseti na kusoma kwa vidole, mimi nikiandika.

“Hii ni ubatizo wa mapacha wa Melkizedeki,” anasema, na mimi naandika, nakata uzi kwa wembe, nahamishia kaseti kwenye kasha jipya, nabandika namba.

“Umeukata?”

“Nimeukata, mama. Unaingiza vumbi kwenye deki.”

“Sasa mimi nitaijuaje?”

“Utanitajia jina, kompyuta itatoa namba.”

“Na ikisahau?”

Nilicheka, dada. Nilimwambia, “Mama, kompyuta haisahau, wanaosahau ni watu.” Naye akacheka, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, “Haya, basi mimi nimestaafu.”

Nyuzi zote, hata ule wa kusukwa wa Irine, nilizikusanya kwenye debe nikawashia moto wa maji ya kuoga. Makasha ya zamani, yaliyokuwa na mwandiko wa baba uliopauka, niliyatupa. Sauti nilikuwa sijaanza kuziingiza, kwa maana nilitaka orodha ikamilike kwanza, na orodha ilikamilika, nikaichungulia kwa furaha, safu baada ya safu, sikuichapa hata ukurasa mmoja, mimi ambaye kazi yangu ni kuchapa. Mwezi uliopita umeme ukakatika na kurudi mara tatu katika dakika moja, na kompyuta haikuwaka tena.

Nikaibeba hadi kwa fundi mmoja, Lengai, akaifungua, akainusa, akasema, “Bosi, hadi diski, pale vitu vyote vinapohifadhiwa, imekwenda. Uliweka akiba?”

“Kila wiki,” nikamjibu kwa majivuno. “Programu ina kitufe chake.”

“Safi sana. Iko wapi?”

“Humo humo.”

“Humo humo wapi?”

“Ndani ya kompyuta.”

Lengai aliweka bisibisi mezani. “Yaani bosi, ulichonga ufunguo wa pili, ukaufungia ndani pamoja na wa kwanza?” Akawaita na wenzake waje wasikie.

Dada, nimemwambia mama kwamba kompyuta iko matengenezo. Wiki mbili zilizopita walikuja wageni, akaniagiza nimpe harusi ya mdogo wake, nikashindwa kusema ukweli mbele ya watu, nikachukua kaseti kwa kubahatisha, nikaweka, na mara sebule nzima ikajaa vilio na wimbo wa kuaga maiti, chupa za soda zikiwa mikononi mwa wageni. Mama akageuza uso kunitafuta. “Gidion, ni harusi gani hii ambayo bibi harusi anazikwa?” Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikasema namba zimepishana, lakini yeye hakucheka.

Tangu hapo nimekuwa nikishuka na kaseti kumi kumi kwenye mfuko, nazisikiliza chumbani. Nimesikiliza thelathini na moja. Sioni Irine. Baba alirekodi pande zote mbili, mara nyingine katikati ya mahubiri anaingia mtu mwingine kabisa, na mengi ni Kimeru cha wazee ambacho mimi niliyezoea Kiswahili cha mjini nakisikia nusu. Lakini hilo silo linaloninyima chakula. Juzi nilisikia sauti ya mwanamke kijana akiongea polepole, nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, nikarudisha tena, na nikagundua kwamba simjui. Dada Skolastika, simkumbuki dada yangu anavyosikika. Nakumbuka viatu vyake, nakumbuka alivyonipiga kofi nilipomwaga maziwa, lakini sauti haipo. Yawezekana nimekwisha kumpita. Yawezekana yumo katika zile thelathini na moja, na mimi nikasema si yeye.

Na Jumapili Princess ananiuliza jikoni, “Mjomba, sauti ya mama ni nene au nyembamba?” Nikamjibu, “Nyembamba.” Akasema, “Nilijua tu,” akaendelea kumenya ndizi.

Ndipo nimefikia hapa ninapokuomba unishike mkono. Kazini yupo mwenzangu, ana sauti nzuri, ni mcha Mungu, nimemweleza, amelia, na amekubali kusoma maneno ambayo mimi nimeyaandika, maneno ambayo mama yeyote angemwambia mtoto wake. Tunarekodi kwenye kaseti kuukuu ili isikike ya zamani. Mama nitamwambia kwamba kompyuta hubadilisha sauti kidogo. Au vinginevyo niseme unyevu uliiharibu, jambo ambalo hutokea huku kwetu kila siku, na hakuna atakayenilaumu. Ni lipi lenye dhambi ndogo? Mtoto akifurahi, nitakuwa nimemkosea nani? Nijibu Alhamisi saa tisa, kwa maana nitakuwa nyumbani peke yangu.

*

Gidion, ndugu yangu. Najua umekaa karibu na redio hiyo. Usiipunguze sauti.

Nianze na haki yako, kwa sababu unayo. Katika nyumba ngapi za mlima huu baba amekufa, na kaseti zake zikageuzwa za kurekodia miziki ya dansi? Wewe ulikaa Alhamisi nane na mama yako, mkafanya kazi ambayo taasisi zenye majengo na magari hazijaifanya: mliuliza kila sauti jina lake. Aliyefanya hivyo si mharibifu. Yaliyoharibika yalikuharibikia ukiwa kazini, na mtu wa kazi hasimangwi kama mzembe.

Sasa nitakusimanga kwa yale unayostahili.

Ulikuwa na orodha mbili nyumbani. Moja iliandikwa na baba yako kwa mgomba, ikasomwa gizani, ikasomwa umeme ukiwa umekatika, ikasomwa na mtu asiye na macho, na kwa miaka yote hiyo haikupotea hata siku moja. Ya pili uliiandika wewe, ikadai umeme, ikadai kioo, ikadai macho, ikadai wewe mwenyewe uwe umepanda kutoka Kaloleni. Kisha kati ya hizo mbili ukaichoma ile iliyokuwa nzima, ukaogea maji yake. Makomredi, nisikilizeni na ninyi mnaojiita watu wa maendeleo, nami nikiwamo: kila chombo kipya kinachoingia nyumbani kiulizwe swali moja mlangoni. Nani alikuwa na uwezo hapa kabla hujaja, na baada yako ataomba ruhusa kwa nani? Mama Lydia alikuwa mkuu wa maktaba hiyo. Mliimaliza kazi akiwa mwombaji katika kabati lake mwenyewe. Alikwambia, kwa kicheko, kwamba amestaafu, na wewe ukadhani ni utani!

Na hiyo akiba yako ya humo humo. Bibi yangu wa Kirua hajapata kuona kompyuta. Lakini mbegu yake ya ulezi huigawa mafungu mawili: moja hulitundika juu ya moshi wa jiko lake, la pili hulipeleka kwa wifi yake, ng'ambo ya mto. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini anampa wifi ambaye hawasemezani. Akaniambia, “Ugomvi ni wetu, moto ni wa nyumba.” Gidion, akiba iliyolala kitanda kimoja na mali yenyewe itakufa usingizi mmoja nayo. Programu haikukudanganya, ilikupa kitufe, na hukuuliza kinapeleka wapi. Na tena uyatofautishe haya mawili, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapozama: orodha inakuambia kitu kiko wapi, haikihifadhi kitu chenyewe. Hata kama kompyuta ile ingewaka leo, sauti ya Irine ingekuwa bado ni ile moja tu, kwenye utepe mmoja tu wa miaka kumi na minne.

Lakini sikiliza vizuri, maana hofu imekuziba masikio. Utepe huo upo. Kaseti hujaitupa, hujaiuza, hujairekodia juu. Kilichokufa ni majina. Irine yuko kabatini kwa mama yako sasa hivi, hatua chache kutoka ulipokaa, na wewe unaandaa mwanamke mwingine wa kuchukua nafasi yake!

Hilo la mwenzako wa kazini, likome leo. Umeuliza utakuwa umemkosea nani. Nitakujibu kwa hesabu ya watu. Umemkosea Irine, ambaye akiwa anakufa alipata nguvu ya kusema maneno yake, nawe unamwandikia mengine. Umemkosea mwenzako, ambaye kila atakapokutana na Princess sokoni atalazimika kufunga mdomo. Umemkosea mama yako, ambaye ataitambua sauti ya uongo kabla haijamaliza neno la kwanza, na itambidi achague, mbele ya mjukuu aliyevaa nguo nyeupe, kati ya kukuumbua na kushiriki uongo wako. Na umemkosea mtoto kuliko wote, kwa sababu ataipenda sauti hiyo. Ataikariri. Atawasimulia watoto wake. Siku kaseti ya kweli itakapojitokeza, na itajitokeza, utamfanya yatima mara ya pili. Unyevu nao uuache; hauna kosa.

Unasema hukumbuki sauti ya dada yako, na hilo umelificha katikati ya barua kama mtu anayeficha kidonda kwenye mkunjo wa nguo. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na minne uliyeachwa na ng'ombe. Sikulaumu. Lakini umelitoa jibu lako mwenyewe bila kulijua. Wewe huwezi kuitafuta kaseti hiyo. Ungekuwa na deki mia na mwaka mzima, bado usingeweza. Yuko mtu mmoja tu anayeweza, na ni yule unayemficha.

Kwa hiyo haya ndiyo utakayofanya.

Saa ninayoiona hapa inasema saa tisa na dakika ishirini na tatu. Kikao cha wanawake kinaisha saa kumi na nusu. Majina nimebadilisha, lakini mafundo sikuweza kuyabadilisha, na kule juu hakuna asiyejua ni kabati la nani lililokuwa na kaseti zilizofungwa kwa mgomba. Yuko mtu ananisikiliza sasa hivi, ameacha kuchambua maharage, anasema, “Kumbe!” Mama yako atayapata haya kabla ya chakula cha jioni. Swali lililobaki ni kama atayapata kwa jirani au kwa mwanawe. Zima redio nikimaliza, vaa viatu, nenda umsubiri nje ya usharika. Mshike mkono mrudi naye. Usianze na umeme, usianze na Lengai, usianze na hadi diski. Mwambie: “Mama, orodha imepotea yote. Nimekudanganya wiki nne. Ya Irine siijui ilipo, na sauti yake nimeisahau.” Kisha unyamaze. Huenda akakaa kimya hadi mfike nyumbani. Huenda akakusema hadi ukatamani ardhi. Vyote ni haki yake, na hakuna utakachojibu isipokuwa “Ndiyo, mama.” Jambo moja nakuahidi kwa kuwa nimelelewa na wanawake wa aina yake: harusi iliyogeuka mazishi hakuisahau. Amekuwa akikungoja.

Princess naye aambiwe leo leo, na aambiwe na wewe. Mwambie kwamba uliposema “nyembamba” ulikuwa unabahatisha.

Baada ya hapo, kazi. Kaseti zote mia mbili sitini na nane, pamoja na zile thelathini na moja ulizosikiliza, kwa maana wewe si shahidi. Kabla ya kuicheza hata moja, vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kila kaseti, ili asitokee mwenye kidole kizito akarekodi juu. Kichwa cha deki kipanguswe kwa pamba na spiriti. Usizipeleke mbele kwa kasi. Utepe mkavu hukatika. Na nunua daftari gumu, la karatasi, uandike kwa kalamu.

Peke yako na deki moja huwezi kumaliza. Zimebaki siku kumi tu hadi kipaimara. Ndiyo maana nimezungumza na wenzangu niliosoma nao chuoni, nao wamekubali kubeba redio zao. Utaratibu ni huu, na wote watakaokuja waujue. Deki ishirini, kila deki kaseti kumi na tatu au kumi na nne. Msikilizaji akipata tukio linalojulikana, anaandika namba na anachosikia. Akipata sauti ya mwanamke anayesema peke yake, anasimamisha papo hapo na kunyoosha mkono, hasikilizi neno la pili, kwa sababu maneno yale yana mwenyewe. Mama Lydia anaongozwa hadi kwenye deki hiyo, yeye peke yake anavaa vidude vya masikio, anasikiliza pumzi moja, anasema ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, kaseti inarudishwa mwanzo, inatolewa, inawekwa mapajani mwake, na mtu asimwulize chochote. Mengine yote yatakayosikika humo, posa za watu, vilio vya watu, yasitoke nje ya mlango.

Kisha, Gidion, uingize sauti kwenye kompyuta ya mwenzetu mmoja, utoe seti tatu za sidii za kila kitu isipokuwa ya Irine, ambayo itangoja hadi Princess mwenyewe aseme baada ya siku yake. Seti moja ikae kwa mama, ya pili kwako Kaloleni, ya tatu kwa ndugu anayeishi mbali na wote wawili, hata kama hamsemezani. Kila moja uijaribu kwenye mashine nyingine ambayo haikuitengeneza. Akiba ambayo haijafunguliwa popote ni imani tu. Programu yako usiitupe. Itumie, ila kila Alhamisi uchape orodha kwenye karatasi, wewe ambaye kazi yako ni kuchapa. Na nyuzi za mgomba zirudi, kaseti moja baada ya nyingine, kwa mafundo atakayoamua mama. Safari hii ujifunze kuyasoma, ukiwa umefumba macho.

Makomredi, msidhani jambo hili ni la nyumba moja. Nani kati yenu hana kabati? Nani hana kaseti ya mzee ambayo ameahidi kuisikiliza akipata nafasi? Tumepigania mashamba, tumepigania bei ya kahawa, tumepigania shule. Na wale waliopigana kabla yetu wanafutika kimya kimya ndani ya makabati yetu, kwa vumbi na kwa joto la bati, huku tukitafuta masafa mapya kwenye redio. Njooni na kaseti zenu pia. Njooni na redio yenye deki inayofanya kazi, betri mpya, pamba, daftari, na yeyote mwenye masikio ya zamani. Kwa wazee mtakaowaleta, viti vitakuwepo.

Mahali ni ule ukumbi wa zamani wa chama cha ushirika, juu ya soko la Tengeru, ambao tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waingie haujafunguliwa kwa jambo lolote la maana. Siku ni Jumapili hii, baada ya ibada, na kaseti zisipoisha tutaendelea kila jioni ya wiki hiyo. Wenye deki wafike saa saba na nusu kupanga meza. Sisi wengine, saa nane kamili mchana. Kiti cha katikati ni cha Mama Lydia, kama atakubali kuja na mwanawe, na hakitabonyezwa kitufe hata kimoja kabla hajaketi. Akichelewa njiani, saa nane itamsubiri.